Msiba wa Mtani

Shilinde alikuwa na simu ya mtu mwingine mfukoni, na simu ile ilimpa raha kuliko kitu chochote alichowahi kushika tangu mwaka uanze. Kila baada ya muda aliacha randa juu ya ubao wa mninga, akaingiza mkono mfukoni, akaipapasa, akacheka peke yake. Simu imezimwa, hakuna wa kumpigia mwenye simu. Mwenyewe yuko kwao Manyoni, hana habari na lolote, na leo treni inamrudisha Tabora.

Hakuwa ameiba. Hilo lieleweke mapema, maana mtaani Isevya kuna watu wepesi wa kuita wenzao wezi. Mnyamwezi akimchukulia Mgogo kitu chake hajaiba, na Mgogo vilevile. Ni watani hao, tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipeleka pembe pwani mabegani na Wagogo wakiwakalia visimani wawatoze hongo ndipo wanywe maji. Watu waliopaswa kuuana wakaishia kutaniana, na wajukuu wao wanaendelea mpaka leo. Kwa hiyo Shilinde alipomkumbatia Chilewa pale stesheni kumuaga, akachomoa simu yake kwenye mfuko wa koti, hata askari angeona angecheka tu.

Lakini utani una sharti lake moja, na bila hilo si utani tena: hakuna kukasirika. Shilinde alikuwa amekasirika mwaka mzima.

"Bati Kwanza, habari za leo?" Mteja alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mikono nyuma. "Kitanda changu kimefikia wapi?"

"Kesho."

"Kesho hiyo umeanza kuniambia juzi. Au unasubiri kwanza ukiezeke?"

Mteja akacheka, na mshona viatu wa jirani akacheka naye. Shilinde aliinamia ubao wake. Zamani mtaa mzima ulimwita Fundi. Siku hizi hata watoto waliotumwa misumari walimwita Bati Kwanza, na hawakujua kama ni tusi. Kwao lilikuwa jina.

Jina hilo alilitoa Chilewa. Mwaka jana baba yake Shilinde aliugua, na daktari akasema apasuliwe. Fedha zilikuwapo. Ila Shilinde alikuwa amekwisha kuagiza mabati ya msauzi, yale mekundu yanayoonekana kutoka barabarani, na mafundi wako juu ya paa. Akasema baba avumilie mwezi mmoja. Baba hakuumaliza. Siku ya mazishi Chilewa akafanya kazi ya mtani: alivaa koti la marehemu, akakalia kigoda cha marehemu, akakohoa kikohozi cha marehemu, kisha akasema kwa sauti ileile ya mzee: "Shilinde anakuja kunipeleka hospitali. Katoka kidogo, anachagua rangi ya bati."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Shehe aliinamisha uso, mabega yakimtikisika. Na mama yake Shilinde, Bibi Kalunde, ambaye tangu mumewe akate roho hakuwa amesema neno wala kutia kitu mdomoni, alicheka akashika ubavu, kisha akaomba uji. Kicheko cha wengine Shilinde angeweza kukimeza. Cha mama yake kilimkaa kooni.

Leo atakitoa. Alifunga karakana kabla ya mchana, akajipaka vumbi la mbao kidogo chini ya macho ili yawe mekundu, akaelekea nyumbani.

*

Mwanne, mkewe, alikuwa akichambua mchele barazani. Alimwona anavyotembea akauweka ungo chini.

"Kuna nini, Baba Yasmini?"

"Chilewa."

"Chilewa kafanya nini?"

"Chilewa hatunaye." Sauti ilimtoka vizuri, yenye mikwaruzo, hata yeye mwenyewe akaipenda. "Wamenipigia kutoka Manyoni. Alianguka jana jioni, hakuamka. Maiti inakuja na treni ya leo."

Mwanne alishika kifua. Halafu akamtazama mumewe kwa namna ambayo Shilinde hakuipenda.

"Nani amekupigia?"

"Ndugu zake."

"Ndugu zake wana namba yako wewe, ya Marcelina hawana?"

"Wanaanzaje kumwambia mke wa mtu kwenye simu? Ndiyo maana wakanitafuta mimi. Mimi ndiye mtani, kazi ya msiba ni yangu." Akageuka haraka. "Nakwenda kumwambia shemeji. Wewe kusanya akina mama."

"Baba Yasmini."

"Nini tena?"

"Mtani hakasirikiwi. Kama ulikuwa na lako moyoni na marehemu, limwage hapa kabla hujaingia nyumbani kwake."

"Sina langu," alisema Shilinde, na alikuwa amekwisha fika barabarani.

Marcelina alikuwa kisimani nyuma ya nyumba, akijaza madumu. Maji ndiyo yaliyokuwa maisha yao: Chilewa alisukuma mkokoteni mitaani, mkewe akauzia waliokuja wenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, na mtaa mzima ulimwita kwa jina lake, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumwitia. Alimwona Shilinde akatabasamu, kwa sababu kila Shilinde alipokuja alikuja na kituko.

"Shemeji, mwenzako hajarudi. Kamtafute huko kwao, ombaomba mwenzio."

Hapo Shilinde alikaribia kushindwa. Alimeza mate. Lakini katika kumeza alisikia tena kicheko cha siku ile, akasema aliyokuja kuyasema, na Marcelina akakaa chini kwenye tope la kisima akapiga yowe lililoleta watu kutoka nyumba ya kumi. Dumu lilianguka, maji yakapita katikati ya miguu ya Shilinde. Ni mpaka jioni tu, alijiambia. Jioni atapata mume mzima na kicheko juu.

Mtu mwenye kisasi ni fundi wa hesabu za namna hiyo. Machungu ya wengine wote huyahesabia mpaka jioni tu.

*

Kazi ikamkolea. Alikodi turubai, akakodi viti vya plastiki, akampeleka kijana kwa muuza kuni na mwingine kwa muuza unga. Akapanga wanaume upande huu na wanawake upande ule. Akawaambia waliotaka kwenda stesheni kwamba ndugu wa Manyoni wanakuja na gari lao kuishusha maiti, hivyo wote wangoje hapahapa. Alikuwa akikimbia, jasho likimtoka, na watu wakamsifu.

"Huyu ndiye mtani hasa," alisema mwenyekiti wa mtaa. "Siku Bati Kw... siku Fundi alipofiwa, Chilewa alimtumikia. Leo naye anarudisha."

"Narudisha," alisema Shilinde. "Narudisha yote."

Aliporudi kwake mara moja kuchukua taa ya sola, alimkuta mama yake amesimama mlangoni na fimbo yake, amejitanda khanga mbili. Mwanne alikuwa amemshika mkono, akimbembeleza.

"Mwambie mama yako," alisema Mwanne. "Anataka kwenda msibani kwa miguu. Jua lote hili, na moyo wake ule."

Moyo wa Bibi Kalunde ulikuwa wa vidonge, asubuhi na jioni. Miguu yake ilivimba akisimama. Kwa mwezi mzima hakuwa amevuka geti.

"Mama, pumzika," alisema Shilinde. "Utakwenda jioni."

"Jioni ya nini? Nimwache mtoto wangu alazwe peke yake?"

"Chilewa si mtoto wako, mama. Ni Mgogo tu wa kusukuma maji."

Bibi Kalunde alimtazama. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini yalikuwa yamelowa.

"Mgogo huyo kila alfajiri ananiletea ndoo mbili pale dirishani. Anagonga, ananiambia, 'Mke wa mpagazi, babu zangu waliwatoza babu zenu hongo ya maji, nimekuja kurudisha ndoo kwa ndoo mpaka nimalize.' Mimi namwambia apeleke maji yake ya chumvi kwao. Ndiyo asubuhi yangu hiyo, Shilinde. Sina nyingine." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Siku tuliyomzika baba yako, mimi nilikuwa nimekwisha amua kumfuata. Hukujua. Ni yeye aliyenichekesha nikarudi. Mayu wane, mama yangu mie, nani atanirudisha leo?"

Shilinde alikuwa na maneno mawili mdomoni: ni utani. Yalikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Angeyatamka, mama angempiga fimbo moja ya mgongo, wangecheka, basi. Lakini Mwanne angesikia, Mwanne angekimbia kwa Marcelina, turubai lingeshuka, na Chilewa angekuta nyumba yake tupu na mke wake mlangoni, kana kwamba hakuna aliyempiga. Mwaka mzima wa Bati Kwanza, halafu hakuna.

Na kulikuwa na jambo jingine tamu zaidi. Mama akiwapo, jioni atacheka. Atamcheka Chilewa, mbele ya watu walewale, na kile kicheko kitakuwa kimerudi nyumbani kwao.

"Haya," alisema. "Tumtafutie bajaji."

Mwanne alimtazama kwa muda mrefu, lakini mkwe alikuwa amekwisha anza kushuka ngazi, na mtu mzee akishuka ngazi ndiye anayeshikwa kwanza.

*

Treni ilichelewa, kama kawaida yake. Saa tisa ilipita, saa kumi ikapita. Ndani, wanawake walikuwa wamemzunguka Marcelina mkekani. Bibi Kalunde alilia kwanza kwa sauti, akimtaja Chilewa kwa majina ya kumtukana, Mgogo mla udongo, mdai hongo, umeniacha na ndoo tupu. Na kila tusi liliwaliza wenzake upya. Baadaye sauti ikamwishia. Mwanne alimlaza karibu na ukuta, akamfunika khanga.

"Anasema kachoka," Mwanne alimwambia mumewe alipochungulia. "Kasema aamshwe maiti ikifika. Nampeleka nyumbani?"

Shilinde alisikiliza. Mbali, upande wa stesheni, honi ilikuwa imelia.

"Mwache alale. Imeshafika."

Aliingia chumbani kwa Chilewa kama mwenye nyumba, akatoka amevaa koti lake la mvua la kijani na kofia yake ya pama. Minong'ono ikapita chini ya turubai. Wazee walitikisa kichwa kwa kuridhika: mtani anaanza kazi. Shilinde alipandisha mabega juu kama Chilewa anavyosukuma mkokoteni, akasugua pua kama Chilewa anavyosugua akiombwa chenji, akazunguka mbele ya viti.

"Maji hayo, wajukuu wa wapagazi. Maji hayo."

Ilikuwa sauti yenyewe. Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma, kikakatizwa na aibu, kikatoka tena.

"Nimefika mbinguni," alisema Shilinde, "nikakuta foleni. Malaika akaniambia, Chilewa, karibu, ingia bure. Nikamwambia, bure ndiyo nini? Nikatafuta kigoda, nikakaa mlangoni. Tangu leo Mnyamwezi hapiti hapa bila hongo."

Turubai zima lilitikisika. Mwenyekiti wa mtaa alifuta machozi. Hata wanawake ndani walisikika wakicheka na kulia kwa pamoja, namna watu wanavyocheka kwenye msiba. Shilinde alijisikia mwepesi, mrefu, mwenye kusikilizwa. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho watu walicheka upande wake. Akaendelea, akawapa Chilewa anayepima maji kwa kidole, Chilewa anayeomba nyama kwenye harusi na kufunga nyingine kwenye leso, na moyo ulikuwa ukimpiga kwa furaha, maana jicho lake moja lilikuwa barabarani.

Bodaboda ilikunja kona. Nyuma yake alikaa mwanamume mwenye mfuko wa karanga magotini. Ilipunguza mwendo, ikasimama mbele ya turubai, na mwanamume akashuka akiangalia viti, sufuria, watu.

"Jamani," alisema Chilewa. "Nani amefariki hapa kwangu?"

Mwanamke aliyekuwa anatoka na sinia la vikombe aliliachia. Viti vikaanguka safu nzima. Mzee mmoja alianza kusoma dua kwa sauti huku akirudi kinyumenyume, na vijana wawili waliruka ukuta wa jirani. Chilewa naye, kwa kuona watu wanamkimbia, akataka kukimbia. Marcelina alitoka mbio akiwa hana viatu. Alimshika uso, akamshika masikio, akamnusa shingo, kisha akaanza kumpiga ngumi za kifua moja baada ya nyingine bila kusema neno.

Chilewa alimkumbatia pamoja na ngumi zake zote. Juu ya bega la mkewe aliona kofia yake imevaliwa, na koti lake, na ndani ya koti akamwona Shilinde. Alitazama turubai kutoka pembe moja hadi nyingine.

Halafu akacheka. Chilewa alipocheka alicheka na tumbo, na lile tumbo lilianza taratibu likapanda mpaka machozi yakamtoka.

"Mtani, umeniua. Tena umeniua vizuri, na turubai juu. Mimi nilidhani nikifa mtanifunika gunia." Akainua mfuko wake. "Na mimi mjinga nimekuletea karanga."

Watu walilipuka. Waliokimbia walirudi, walioruka ukuta wakaruka tena, wakimgusa Chilewa waone kama ni wa moto. Ilikuwa imekwisha hapo, na imekwisha vizuri. Wangekula ule ugali wa msiba kwa kicheko, na hadithi ingesimuliwa mpaka Sikonge. Mtu yeyote angeona Shilinde ameshinda.

Shilinde hakuona. Aliona Chilewa anacheka. Hakuwa ameumia. Mwaka mzima amengoja, na mtu aliyemngoja amesimama katikati ya watu anapigwa mabega na kupendwa kuliko alivyoondoka, na hakuna hata mkwaruzo uliomfikia. Damu ikampanda usoni. Aliivuta kofia mbele, akapandisha mabega, akasema kwa sauti ya Chilewa, kubwa, ili wote wasikie:

"Nimefufuka bure jamani. Nilikufa bila wa kuniita baba, na nimerudi bila wa kuniita baba. Hata maiti ingekuja kweli, nani angeshika upande wa kichwa? Mwanamke wangu kisima chake kilikauka kabla hatujakichimba."

Hakuna aliyecheka. Turubai lilipigapiga kwenye kamba zake. Marcelina alitoa mikono yake kifuani kwa mumewe polepole, akajifunika uso kwa khanga, akaingia ndani.

Shilinde alisubiri kicheko kilichochelewa. Hakikuja. Mwenyekiti wa mtaa alianza kuokota viti vilivyoanguka, kimoja kimoja, kama mtu aliyekumbuka kazi yake.

Chilewa alikuwa ameacha kucheka. Alisugua pua. Sasa alikuwa ameumia, ilionekana wazi, na Shilinde aliyetamani kuiona sura ile mwaka mzima aliitazama akakuta haina utamu wowote. Ilikuwa tu sura ya mtu mzima anayejizuia asilie mbele ya watu.

"Haya," alisema Chilewa. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtani amelipa, na chenji juu. Imetosha. Mimi na wewe hatudaiani." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likafika nusu, na hiyo nusu aliitoa kwa nguvu. "Bibi yuko wapi? Najua yeye ndiye amelia kweli. Mwamsheni aje anitukane, niwe na hakika niko hai."

"Amelala ukutani," alisema Mwanne. Aliingia ndani. Walimsikia akisema kwa uchangamfu, "Mama, amka. Maiti yenyewe hii hapa, inataka matusi."

Wakamsikia tena. "Mama."

Mara ya tatu ilikuwa sauti nyingine, na Shilinde aliisikia akajua. Alikimbia, akaingia kwa wanawake bila hodi, amevaa koti la kijani. Mama yake alikuwa amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, uso kwenye ukuta. Pembe ya khanga aliyojifutia macho ilikuwa bado imelowa. Mkono ulikuwa umeanza kupoa.

*

Alizikwa kesho yake, baada ya sala ya Adhuhuri. Turubai halikurudishwa, lilihamishwa tu, kutoka nyumba ya Chilewa hadi nyumba ya paa jekundu, pamoja na viti vyake na sufuria zake.

Wote walimpa Shilinde pole. Walimpa kwa mkono, macho pembeni, wakaondoka upesi kwenda kukaa mbali. Mwanne peke yake hakumpa. Asubuhi alimkuta ameketi kitandani, akamwekea kanzu yake iliyopigwa pasi.

"Ukaniuliza kama umpeleke nyumbani," alisema Shilinde. "Ukaniuliza, Mwanne."

"Nilikuuliza."

"Sema kitu basi."

"Wote watakwambia pole leo. Mimi mwiba wa kujichoma siuambii pole." Akafungua mlango. "Vaa. Watu wanakungoja."

Chilewa alikuwa makaburini tangu alfajiri. Alichimba yeye, akakataa kupokewa jembe mpaka mwanandani ukawa umekaa sawa. Kisha alirudi nyumbani kwa msiba, akaoga, akasimama karibu na geti. Watu wakamwona, na msiba wote ukapumua kidogo. Kwa maana wote walijua kitakachofuata. Jeneza likifika getini mtani atalala chini njiani, atasema halipiti bila hongo, atamwiga marehemu, atamtukana mfiwa, na ile kamba iliyowakaba tangu jana italegea.

Shilinde alijua kuliko wote. Alikuwa ameweka noti kwenye mfuko wa kanzu, noti zote alizokuwa nazo, amezikunja tayari. Alitaka kutukanwa. Alilitaka jina la Bati Kwanza kama mtu anavyotaka maji. Chilewa amwite muuaji wa mama yake, amwite kwa sauti ya Bibi Kalunde mwenyewe, watu wacheke, wacheke mpaka wakae chini. Mtu aliyechekwa bado yumo katika watu.

Jeneza likatoka. Wabebaji walifika getini wakapunguza mwendo, wakasimama wenyewe kwa mazoea, bila kuzuiwa na mtu. Walimtazama Chilewa.

Chilewa alivua kofia. Akasogea pembeni, mgongo kwenye ukuta, akawaachia njia.

"Piteni," alisema.

Hawakujua wafanye nini. Walikaa hivyo, jeneza mabegani, kwa muda ambao hakuna aliyewahi kuuona katika mazishi ya Isevya. Kisha shehe akaanza kusoma, na jeneza likapita kwenye njia nyeupe isiyo na mtu. Shilinde alipita nyuma yake. Noti zilikuwa bado mfukoni.

Waliporudi, Chilewa alikuwa mlangoni na ndoo mbili za maji ya kisima chake, kata na beseni. Kila aliyetoka makaburini alinyoosha mikono, naye akammwagia. Mtaa wote ulipanga foleni mbele yake. Ilipofika zamu ya Shilinde, Chilewa alichota kata iliyojaa kama ya wengine.

Shilinde hakunyoosha mikono. Alitoa kwanza ile simu, akamrudishia. Chilewa akaipokea.

"Asante, ndugu," alisema.

Shilinde alishtuka kwa neno lile kuliko kofi. Tangu wajuane hawakuwahi kuitana ndugu. Alitoa noti.

"Hongo yako hii. Hukuidai pale getini."

"Itie kwenye unga wa msiba."

"Mtani." Shilinde alikuwa akilia sasa, na hakujali nani anaona. "Mtani, nitukane. Niite jina lile. Uliloniita kwa baba, niite na kwa mama, mbele yao wote. Nakuomba."

Chilewa alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo Shilinde alilolikumbuka baadaye, siku zote alizopita barabarani akaitwa Fundi, tena kwa heshima, na watu waliokuwa wakinyamaza akikaribia.

"Mimi ulinizika jana, Shilinde," alisema Chilewa. "Marehemu hatanii."

Kisha akamshika mikono, akainyoosha mwenyewe juu ya beseni, akammwagia maji taratibu, kiganja hiki na kiganja hiki, mpaka udongo wote ukatoka. Akachota kata nyingine, akamgeukia aliyefuata.